Waliofeli Hawapimi Ugumu wa Kozi

Jumapili moja mwezi uliopita tulikutana nyumbani kwa dada yangu kumshauri mpwa wangu kuhusu kozi ya kuomba chuoni. Kijana mwenyewe alikaa pembeni akimenya chungwa, asiulizwe lolote, kama ilivyo desturi ya vikao vya namna hiyo. Shemeji yangu ndiye aliyefungua mjadala: "Mwalimu, tusidanganyane. Sanaa hata ukilala unafaulu. Uhandisini nusu ya darasa wanakula sapu, na hapo ndipo penye shule." Sapu, kwa asiyejua, ni mtihani wa marudio wa aliyefeli. Nimefundisha upimaji na tathmini ya elimu kwa karibu miaka ishirini, na kauli hiyo nimeisikia kwenye harusi, misibani, ndani ya daladala na, kwa aibu yetu sote, ndani ya vikao vya bodi ya mitihani. Safari hii imenikera zaidi kwa sababu shemeji yangu ni mhasibu. Kazini kwake hawezi kulinganisha faida za kampuni mbili bila kwanza kuuliza kila moja ilianza na mtaji gani, lakini kwenye masomo ya chuo swali hilo halimjii kabisa.

Niyamalize haraka yale mepesi. Kwenye makaratasi, kozi zote ni sawa: mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania unahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja kuwa krediti 120, yaani saa 1,200, awe anasoma jiolojia au fasihi. Kwamba udaktari ni miaka mitano, uhandisi minne na shahada nyingi za sanaa mitatu, hiyo ni tofauti ya urefu wa safari, wala haituambii mwinuko wa mlima. Huko Marekani, utafiti wa kitaifa kuhusu ushiriki wa wanafunzi ulionesha mwaka 2011 kwamba wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa mwisho walijiandaa kwa masomo kwa wastani wa saa 19 kwa wiki nje ya darasa, ilhali wenzao wa biashara na sayansi za jamii walitumia saa 14. Tofauti hiyo siipuuzi, ingawa ni saa ambazo wanafunzi walijitajia wenyewe. Lakini Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri kazi nyingi na kazi ngumu, na kupakia mchanga kwenye lori kuanzia asubuhi hadi jioni ni kazi nyingi.

Sasa nije kwenye waliofeli. Katika fani yangu tuna kipimo kinachoitwa faharasa ya ugumu wa swali, nacho hupatikana kwa kugawanya idadi ya waliopata swali kwa idadi ya waliolijibu. Wakipata 30 kati ya 100, faharasa ni 0.30, wakipata 90, ni 0.90. Msomaji makini ataona mara moja kwamba jina lenyewe linapotosha, kwa sababu namba inapanda kadiri swali linavyokuwa rahisi, na wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hukosea jambo hilo kila mwaka bila kuchoka. Upotoshaji mkubwa zaidi, hata hivyo, ni kudhani kwamba namba ile ni mali ya swali. Lichukue swali lile lile uwape watahiniwa wa shule nyingine, nayo namba itabadilika bila nukta moja ya swali kuguswa. Ni sawa na kusema mzigo ni mzito bila kusema ni nani aliyeubeba.

Ndiyo maana kiwango cha kufeli hakiwezi kulinganisha kozi ambazo wanaoziingia wamechujwa kwa chekecheke tofauti. Udaktari huchukua watu waliopata alama za juu mno katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na wengi wao humaliza. Kwa kanuni ya shemeji yangu, basi, udaktari ungekuwa mteremko, na sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nilipomweleza hili alijibu kwamba "udaktari ni suala jingine." Kila mara ni suala jingine.

Kwa wanaotaka mfano mkubwa zaidi, upo, na wengi wanaukumbuka. Mwaka 2022, matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalionesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu; 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walifeli. Hiyo ni asilimia 4 ya waliofaulu, na hawa hawakuwa watoto wa kidato cha nne bali watu waliokwisha kupata shahada ya sheria vyuoni. Kwa hesabu za mtaani, sheria ilitakiwa siku hiyo itangazwe kuwa ngumu kuliko fani zote nchini. Badala yake nchi nzima ilibishana: wengine walisema mitihani imekuwa ya kukomoa, wengine walisema wanafunzi hawakuiva, wengine walivinyooshea kidole vyuo vilivyowapa shahada, na Wizara ya Katiba na Sheria ikaunda kamati iliyoongozwa na waziri wa zamani, Dkt. Harrison Mwakyembe, kuchunguza. Mabishano yale, pamoja na kelele zake, yalikuwa na akili kuliko kikao chetu cha familia, kwa sababu angalau watu waliona kwamba namba moja inaweza kuzaliwa na mama watatu tofauti, na kwamba ukiitazama peke yake huwezi kumjua mama yake.

Uwezekano wa nne huwa hausemwi hadharani, nao ni kwamba mtihani wenyewe ni mbovu. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye bodi ya mitihani ya chuo nisichokitaja, na kozi moja ya mwaka wa pili ikaletwa ikiwa na orodha ya sapu ndefu kama mkeka. Mhadhiri wake alisimama bila kuonesha wasiwasi wowote, akasema, "Waheshimiwa, kozi yangu haina mchezo." Niliomba karatasi za majibu ya sehemu ya maswali ya kuchagua, nikafanya jambo tunalowafundisha wanafunzi kwa saa moja tu: nikachukua asilimia 27 ya waliopata alama za juu kwenye mtihani mzima na asilimia 27 ya waliopata za chini, nikalinganisha makundi hayo swali kwa swali. Swali zuri hupatwa zaidi na kundi la juu. Swali la 17 lilipatwa zaidi na kundi la chini. Karibu wote wa kundi la juu walikuwa wamechagua D, na mwongozo wa kusahihishia ulisema B. Tukalisoma swali kwa sauti mle kikaoni, na jibu lilikuwa D. Yalikuwapo mengine ya aina hiyo, si mengi, lakini yalitosha kuwavusha mstari wa alama 40 vijana ambao tayari walikwisha kuambiwa na wazazi wao kwamba kozi ni ngumu na wajitahidi. Mhadhiri alirekebisha, hilo nimpe. Hata hivyo, ile sauti ya fahari sijaisahau, kwa sababu wapo wanaoamini kwa dhati kwamba kufelisha ni ushahidi wa ubora wa somo.

Sasa niseme lile linaloniudhi kuliko yote, nalo ni kwamba watu huuliza "ipi ngumu?" kana kwamba swali ni moja, wakati ni maswali mawili yasiyofanana. Kuna ugumu wa kutofeli, na kuna ugumu wa kupata alama ya juu kabisa. Katika Hisabati, jibu lililokamilika hupewa alama zote na mwanafunzi aliyeshindwa kuanza hupewa sifuri, kwa hiyo alama hutawanyika: darasa moja linaweza kuwa na mwenye 12 na mwenye 95. Katika Historia au Fasihi, msahihishaji wa insha huogopa ncha zote mbili. Aliyeandika kurasa nne zenye maana kidogo atapata 45, aliyeandika vizuri sana atapata 68, na 90 haitolewi kwa sababu, kama alivyowahi kuniambia mwenzangu mmoja kwa utulivu kabisa, "hiyo ni yangu mwenyewe." Alama zinarundikana katikati. Katika vyuo ambavyo A huanzia 70, na ambavyo daraja la kwanza hutaka wastani wa 4.4 kati ya 5.0, yule wa Fasihi atamaliza bila kuonja sapu hata mara moja na wakati huo huo akaikosa A muhula baada ya muhula, huku yule wa Hisabati akikusanya A tano na sapu mbili. Nani kasoma kozi ngumu? Ukiangalia waliofeli utasema ni wa Hisabati. Ukiangalia waliopata daraja la kwanza unaweza kusema kinyume chake. Na katika hali zote mbili utakuwa umepima tabia ya kalamu ya msahihishaji zaidi ya uzito wa somo.

Na wale wanaosema Kiswahili ni cha kubebea alama, nawakopesha swali nililopewa na jirani yangu wa ofisi, ambaye ni mwanaisimu. Tunasema chakula na vyakula, chombo na vyombo, choo na vyoo, na tunaeleza kwamba kiambishi ki- kikikutana na irabu hugeuka ch-. Vizuri. Mbona basi kiatu si "chatu"? Mbona kiongozi hakuwa "chongozi"? Nilikaa na swali hilo siku mbili, mimi niliyezungumza Kiswahili tangu utotoni, kabla ya kumwomba jibu. Maneno hayo yalikuwa na konsonanti iliyodondoka: Wakikuyu bado wanasema kĩratũ, na katika lugha kadhaa za huku kwetu kiongozi ni kilongozi, kwa hiyo kanuni ilipopita, ki- ya maneno hayo ilikuwa bado imekingwa. Kuligundua hilo bila kusimuliwa, kutokana na jedwali la data za lugha tano, ndiyo kazi wanayopewa wanafunzi wake kwenye mtihani. Wanaolijua somo kwa kulizungumza tu hufika wakiwa na uhakika mwingi, nao hutoka wakiwa na D.

Njia ya kulinganisha masomo kwa haki ipo, walau kwa nadharia. Mdenmark Georg Rasch alionesha mwaka 1960 namna ya kutenganisha uwezo wa mtu na ugumu wa swali, mradi pawe na kiungo baina ya makundi. Kwetu kiungo hicho ni wanafunzi wa ualimu, ambao husoma masomo mawili ya kufundishia katika idara mbili. Mtu ni yule yule, mwaka ni ule ule, hosteli ni ile ile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walilinganisha masomo ya sekondari kwa mantiki ya jamaa hii mwaka 2008, na masomo ya sayansi yakaonekana kutolewa alama kwa ukali zaidi. Shemeji yangu atashangilia, na ana haki ya kushangilia kidogo.

Mimi nilijaribu hesabu hiyo hapa nyumbani, kwa Historia na Kiswahili. Tofauti ikajitokeza nzuri tu, nikafurahi, kisha nikaondoa alama za msahihishaji mmoja, nayo karibu yote ikayeyuka. Na hata kama isingeyeyuka, nina shaka ambayo vitabu vya fani yangu huipitia kwa aya moja: mbinu ile inadhani kuna uwezo wa aina moja unaoingia katika masomo yote mawili, na mimi siamini tena kwamba kinachomfanya mtu asome shairi vizuri ndicho kinachomfanya atatue mlinganyo. Kama si kitu kimoja, sijui hasa ninalinganisha nini.

Shaka yangu ya pili inaelekea upande wa shemeji. Hisabati hujengwa ghorofa kwa ghorofa, na aliyekosa ya chini hawezi kuishi ya juu, ilhali aliyelala wakati wa mhadhara wa Vita vya Majimaji bado anaweza kuuelewa ule wa Azimio la Arusha. Katika mtihani wa kidato cha nne, waliofaulu Hisabati walikuwa takribani mmoja kati ya watano kwa miaka kadhaa hadi 2022, huku Kiswahili kikifaulisha zaidi ya asilimia 90, na siwezi kusema kwa moyo safi kwamba tofauti ya ukubwa huo imeletwa na kalamu za wasahihishaji peke yake. Binti yangu alipochagua HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) badala ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), nami, mtaalamu wa upimaji, nilimuuliza, "Na PCB umeiachia nani?" Alinitazama tu.

Nilikuwa nimefika hapo katika maelezo yangu pale kwa dada, chai ikiwa imepoa, shemeji akiwa bado anashikilia uhandisi wa ujenzi, ndipo mtu alipokumbuka kumuuliza kijana alisoma tahasusi gani. Akasema EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Uhandisi wa ujenzi unataka ufaulu wa Fizikia kidato cha sita, naye hakuisoma. Shemeji akamuuliza kwa nini hakusema mapema. "Hamkuniuliza, baba," akajibu, akaendelea na chungwa lake.