Kulima Mwani kwa Miaka Mingi si Sawa na Kujifunza

Katika kazi yangu ya kuwashauri wakulima wa mwani Pemba, kauli ninayoisikia kila ninaposhuka ufukweni ni hii: "Mwanangu, sisi tumeanza kulima mwani zamani. Bahari ndiyo iliyoharibika. Sisi hatuna tena la kujifunza." Naisikia Micheweni, naisikia Tumbe, na inaniumiza kwa sababu wanaoisema ni wakulima hodari, wenye mikono inayofunga taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani, bila hata kuziangalia.

Dhana hii inachanganya kurudia kazi na kujifunza kutokana na kazi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na utaratibu uliofundishwa wakati huo, wa kupiga vigingi kwenye maji haba, kukaza kamba na kuvuna baada ya wiki sita hivi, uliifaa bahari ya wakati huo. Siku hizi, maji yakipwa mchana wakati wa kaskazi, msimu wa joto, yale machache yanayobaki juu ya shamba hupata joto linalopita nyuzi 30, na kotonii, aina ya mwani ambayo ndiyo yenye bei nzuri, hupauka na kukatika matawi. Spinosumu, aina nyingine, huvumilia zaidi, ndiyo maana imejaa mashambani ingawa bei yake ni ndogo. Mkulima aliyefunga mbegu, yaani vipande vya matawi ya mwani, mahali pale pale na kwa kina kile kile tangu ujana wake hawezi kujua kama hatua chache mbele, penye mkondo, mbegu hiyo ingenusurika, kwa kuwa hajawahi kuifunga huko.

Ndiyo maana sichoki kuhimiza kamba ya majaribio, hata kama wapo waliokwisha kuchoka kunisikiliza. Bamvua likifika, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, ifungwe kamba moja kwenye maji ya kina zaidi, na nyingine kama hiyo katika shamba la kawaida, siku hiyo hiyo, kwa mbegu za aina moja zilizopimwa kwa mizani. Bila ya kamba ya kulinganishia, mtu hatajua kama mabadiliko yameletwa na kina au na mbegu. Bamvua linalofuata, zote mbili zipimwe tena na kuandikwa tarehe, mahali, uzito na hali ya matawi. Asiyejua kuandika hakosi mjukuu aliyeko skuli. Tawi lenyewe lishikwe na likunjwe: lenye afya ni gumu na hukatika kwa mlio, lililoelemewa hulegea na kuteleza kwa ute, na dalili hiyo hutangulia weupe. Mkono unaoijua dalili hiyo huvuna kabla ya hasara.

Wapo wanaodai kwamba weupe huo ni maradhi yanayohitaji dawa tu. Mmea huelemewa kwanza, ama kwa joto ama kwa mvua za masika zinazopunguza chumvi ya maji, kisha ndipo bakteria hushamiri. Hakuna dawa ya kunyunyizia baharini. Kilichopo ni kuvuna mapema na kuhamisha mbegu.

Wengine husubiri semina. Mbinu ya nyavu za mirija, yaani nyavu ndefu zinazojazwa mbegu ndani, kwa maji ya kina, ambayo mtafiti wa mwani Dkt. Flower Msuya ameishughulikia sana hapa Zanzibar, huelezeka ukumbini kwa muda mfupi, lakini namna ya kuujaza wavu na kuufunga usichukuliwe na mkondo hujulikana ndani ya maji. Mbinu hiyo inahitaji chombo na watu wanaojua kuogelea, kwa hiyo na kuogelea nako kufundishwe, hasa kwa kina mama.

Ama ile dhana kwamba asiyesoma hawezi mambo ya kiufundi, jibu lake liko Kinyasini, Unguja, ambako Barefoot College, shirika la mafunzo ya vijijini, imewafundisha wanawake wa vijijini, wakiwemo wasiojua kusoma, kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Wamejifunza kwa kuishika.

Mwisho, nasikia kwamba kotonii itarudi yenyewe, tuwe na subira. Hakuna dalili kwamba joto la maji haba litapungua. Anayeitaka kotonii aijaribu kila mwezi katika kina tofauti, ili ajue kwa shamba lake ni miezi gani na sehemu gani inastahimili, na bamvua lijalo aifunge kamba hiyo kabla ya kugusa vigingi vyake vya kawaida.