Chumvi, presha na jeni: yanayosemwa na yalivyo

"Chumvi haijawahi kunidhuru, mwili wangu umeizoea." Anayesema hivi hujipima kwa anavyojisikia, na hapo ndipo penye hatari. Presha inaweza kupanda kwa miaka bila maumivu yoyote, na ulimi uliozoea chumvi hausemi lolote kuhusu figo. Kwa siku moja, figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji na kurudisha mwilini zaidi ya asilimia 99 ya sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayohusika na presha, iliyochujwa. Tofauti ndogo tu katika kurudisha huko, nyingine ikiwa ya kurithi, hufanya mmoja aitoe chumvi ya ziada kwa urahisi, na mwingine aitoe pale tu presha inapokuwa imepanda.

Kwamba figo ndiyo kiini cha jambo hili, panya walionyesha wazi. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Lewis Dahl alizalisha koo mbili za panya: mmoja ukipewa chumvi nyingi presha inapaa, mwingine haitikisiki. Baadaye figo zilipohamishwa kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, presha ilielekea kuifuata figo.

Kuna wanaoamini kwamba ipo "jeni ya chumvi", unayo au huna. Kwa watu wachache sana jeni moja kweli huamua karibu kila kitu. Ugonjwa wa Liddle, uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1963, ni mfano mzuri. Kwenye figo kuna vijilango vya protini vinavyopitisha sodiamu kurudi mwilini, na kila kimoja kina mkia wenye alama inayoambia seli wakati wa kukiondoa. Mwenye ugonjwa huu amerithi mkia wenye kasoro. Vijilango havitolewi, sodiamu inazidi kuingia, na presha inapanda hata kwa kijana. Dawa ya amiloridi humsaidia kwa sababu inaziba vijilango hivyo moja kwa moja. Spironolaktoni, dawa nyingine ya presha, haimsaidii, kwani yenyewe hupinga aldosteroni, homoni inayoiamuru figo kubakiza sodiamu, ambayo kwa mgonjwa huyu tayari iko chini.

Sisi wengine hatuko hivyo. Watafiti wamekwisha kubaini zaidi ya sehemu 1,000 za jenomu, yaani jumla ya maelezo ya kurithi ya mtu, zinazohusiana na presha, nyingi zikiisogeza kwa chini ya milimita moja ya zebaki (kizio cha kupimia presha) kila moja. Umri, uzito na afya ya figo navyo vina uzito wake. Ndiyo maana hakuna kipimo cha jeni cha kawaida kinachoweza kumwambia mtu ale chumvi kiasi gani.

"Kama ni ya kurithi, basi kupunguza chumvi ni kazi bure." Hili linaniuma kulisikia, maana ukweli ni kinyume chake: aliyerithi figo inayong'ang'ania chumvi ndiye anayefaidika zaidi akiipunguza. Na faida si yake peke yake. Katika utafiti wa Marekani wa DASH-Sodium, uliochapishwa mwaka 2001, watu 412 walipewa viwango vitatu vya sodiamu kwa zamu. Kadiri sodiamu ilivyoshuka ndivyo presha ilivyoshuka, hata kwa wasio na ugonjwa wa presha, ingawa wenye nao walishuka zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, tukihesabu na ile iliyokwisha kutiwa kwenye vyakula vya viwandani.

Wengine hukimbilia chumvi mbadala yenye potasiamu wakidhani inamfaa kila mtu. Wengi inawafaa, na hushusha presha. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, ikiwemo hiyo amiloridi, asiiguse kabla ya kuongea na daktari: potasiamu ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo, na inaweza kuua.