Muhali wa mwenye spika

Juzi nimeketi barazani Langoni, hapa Lamu, bwana mmoja akaniuliza, "Fundi, hawa wenye makampuni hukupa shilingi ngapi uwasifu?" Nikacheka. Miaka yote hii naandika kuhusu spika na amplifaya sijaletewa bahasha hata moja. Laiti ningeletewa! Bahasha unaiona, unaikataa, jioni unapata la kusimulia. Kinachotuharibu wahakiki ni kitu ambacho sisi watu wa pwani tunakijua vizuri sana, nacho ni muhali, ile haya ya kumuudhi mtu aliyekutendea wema.

Mwanzoni mwa uandishi wangu, muuzaji mmoja wa Mombasa alinitumia jozi ya spika zenye amplifaya ndani. Alizipakia basi mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, akalipa na boti ya kuzivusha Lamu, kisha akapiga simu kuuliza kama zimefika salama. Akauliza na hali ya mama, aliyekuwa mgonjwa siku hizo. Spika zenyewe zilikuwa na kasoro. Ukizipandisha kupita nusu, sauti ya mwimbaji inapasuka na besi inanywea, kwa sababu saketi ya kujilinda inaikata. Nililisikia hilo siku ya kwanza. Nilichoandika ni kwamba "zinafaa zaidi chumba kidogo."

Sentensi hiyo si uongo, ndiyo maana iliumiza. Mwalimu mmoja wa madrasa aliisoma akazinunua kwa ajili ya ua wa madrasa yake, akidhani ukizifungulia zaidi zitatosha. Hazikutosha. Alipokuja kwangu hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe ulizisikia?" Nikamwambia nilizisikia. Akanyamaza, nami nikanyamaza. Na yule muuzaji, wallahi, hakuwahi kuniomba nifiche neno. Aliuliza hali ya mama, basi.

Hivyo ndivyo biashara hii inavyokwenda, hapa na ng'ambo. Chombo huja kwa mkopo. Miezi inapita, hakuna anayekidai, watoto wanakitumia kuangalia mpira, mwisho kimekuwa chako bila mtu kutamka zawadi. Au unauziwa kwa bei ya wahakiki, iliyo chini ya bei ya dukani. Au unaletewa kile kilichopimwa na kuteuliwa kiwandani, wakati mnunuzi ataokota chochote kilichopo rafuni. Ukiandika ukali, hutishwi. Ila spika mpya zikitoka, boksi linakwenda kwa mwingine, na tangazo lililokuwa kando ya makala yako halirudi mwezi ujao. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakusema uliojaa unalambwaje, labda kwa adabu.

Mwakilishi mmoja aliyechukia maneno yangu alinipigia akasema fadhila ya punda ni mateke. Alimwambia mtu wa Lamu hayo! Sisi tunaishi na punda. Mara nyingi apigaye teke ni yule aliyebebeshwa mawe kupita kiasi.

Ugomvi huu una umri. J. Gordon Holt alifanya kazi katika jarida la Marekani liitwalo High Fidelity, akachoka na tabia ya kuwapapasa wenye matangazo. Akatoka, na mwaka 1962 akaanzisha jarida lake, Stereophile, bila matangazo ya watengenezaji. The Absolute Sound ya Harry Pearson ilifuata mwaka 1973 kwa nia hiyohiyo. Baadaye yote mawili yalikubali matangazo. Siwacheki, karatasi na uchapaji havilipwi kwa msimamo.

Waliokaza kamba ni Consumer Reports, jarida la shirika la walaji lililoanza mwaka 1936. Hawachukui matangazo, na vitu wanavipima baada ya kuvinunua dukani kama mteja yeyote. Hata hivyo, kutokuwa na tangazo hakukuwakinga na korti. Mwaka 1970 waliandika kuhusu spika aina ya 901 za kampuni ya Bose kwamba sauti za ala zilielekea kutangatanga chumbani. Bose wakashtaki. Shahidi, aliyekuwa mmoja wa waliozisikiliza, akaeleza kwamba sauti zilihama ukutani, katikati ya spika mbili. Jaji wa kwanza akaona "ukutani" na "chumbani" ni vitu viwili, akawapa Bose ushindi. Rufani ikapindua hukumu, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa jarida haki kwa majaji 6 dhidi ya 3. Miaka 14 kwa ajili ya neno moja! Mtu mwenye blogu na jenereta la kukopa hawezi vita hivyo. Akiona neno kali linamjia, atatafuta neno laini. Mimi langu lilikuwa "chumba kidogo."

Kwetu Kenya, kanuni za wanahabari zilizowekwa katika Sheria ya Baraza la Habari ya 2013 zilimtaka mwandishi apinge shinikizo la nje, na wenye matangazo walitajwa humo. Mimi ni fundi, sina kadi ya uanahabari, lakini anayetoa pesa kununua spika kwa kuamini maneno yangu haniulizi kadi.

Wengi hudhani muhali hukaa kwenye kalamu tu. Hukaa hata sikioni. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa Harman, kampuni ya kutengeneza spika, waliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia, na wakawasikilizisha pia wakiziona. Alama zilibadilika. Wasikilizaji hao walikuwa wafanyakazi wa Harman, na macho yao yaliwapeleka kwenye spika kubwa za kampuni yao. Sidhani walidanganya. Walisikia walichokiona.

Kwa hiyo siku hizi nasikiliza kwa pazia. Shemeji yangu ndiye anayebadilisha waya, nami nimekaa upande wa pili wa shuka bila kujua ipi inalia. Kwanza nasawazisha ukubwa wa sauti kwa kipimo, maana tofauti ya desibeli moja tu yatosha kumfanya mtu aseme hii ni tamu zaidi, bila kutambua kwamba imezidi kidogo tu. Wauzaji wa madukani wanalijua hilo kuliko mimi. Waambie chombo wanachotaka kukuuzia kikae sauti sawa na cha jirani yake, uone uso wa muuzaji.

Na kuna jambo lisilohitaji pazia wala shemeji. Wufa zinazojaa madukani zimeandikwa wati 10,000, wati 12,000, na herufi PMPO pembeni, yaani nguvu ya kilele, ya kufumba na kufumbua. Geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Mara nyingi utakuta wati 60 au 80, ndizo inazovuta ukutani. Hata plagi yetu ya fyuzi ya ampea 13, kwa volti 240, haikukusudiwa kupitisha zaidi ya wati 3,120 mfululizo. Hizo elfu nyingine zatoka wapi, kwa jini? Marekani ilitunga kanuni mwaka 1974 kuwabana watengenezaji watangaze nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo. Hapa kwetu tarakimu kubwa bado inauza, na mhakiki anayeinakili bila kugeuza chombo amelipwa na kiwanda hata kama hakupata senti.

Nami nina yangu ya kutangaza. Nakodisha vyombo harusini, kwa hiyo nikisifu spika ninayoikodisha, jua nina pesa humo. Duka moja hunipunguzia bei ya waya. Haya yamo juu ya kila makala yangu, kabla ya neno la kwanza kuhusu sauti.

Jozi niliyoletewa mwezi uliopita imefungwa tena katika boksi lake. Itavuka kesho asubuhi kwenda Mokowe kupanda basi, nauli ni yangu, risiti nitaipiga picha niiweke hapa pamoja na vipimo. Mwenye nayo alipiga simu jana, akasema si lazima niirudishe haraka. Kisha akauliza hali ya mama. Nikamwambia hajambo, amepona zamani.