Dawa Zilizomo Ndani ya Majani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mitishamba ikichemshwa sana ndipo dawa hutoka.

Imani hii ilikaribia kuinyima dunia dawa kubwa ya malaria. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa China, Tu Youyou, alikuwa akijaribu pakanga, Artemisia annua, kwa panya wenye malaria. Matokeo yakawa yanayumba, leo mazuri, kesho hovyo. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha tabibu wa China, Ge Hong, cha karne ya 4, akakuta maelekezo: loweka konzi ya pakanga kwenye maji, kamua, kunywa. Moto haukutajwa popote. Akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu kiini, akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi tu. Safari hii vimelea vikatoweka. Kiini chenyewe, atemisinini, kilitengwa mwaka 1972, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Tabibu wa kale alijua anachokisema, ila wasomaji wake walirukia jina la mmea wakaacha namna ya kuuandaa.

Dhana: Basi chai ya pakanga inatosha.

Haitoshi. Atemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake hutofautiana mmea kwa mmea. Dozi pungufu huua vimelea dhaifu na kubakiza sugu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kutibu wala kukinga malaria.

Dhana: Cha asili hakidhuru.

Majani ya mmea wa Digitalis, ambayo daktari Mwingereza William Withering aliyaandikia kitabu mwaka 1785, ndiyo asili ya dawa za moyo kama digoksini. Kidonge cha digoksini hupimwa kwa mikrogramu (sehemu za milioni za gramu), 125 au 250, kwa sababu dozi inayousaidia moyo imepakana na ile inayouvuruga. Sasa wewe umechuma majani matatu: yana mikrogramu ngapi?

Dhana: Mmea usipotibu ulichosifiwa nacho, hauna kitu.

Ua la Madagaska, Catharanthus roseus, lilisifiwa kwa kisukari. Watafiti nchini Kanada walipolijaribu katika miaka ya 1950, sukari haikushuka. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu za panya. Kumbe ndiyo njia ya kufika kwenye vinblastini na vinkristini, dawa za saratani, ikiwemo saratani ya damu ya watoto.

Dhana: Kikiua seli za saratani maabara, ni tiba.

Hata sabuni huziua kwenye kisahani.

Dhana: Mitishamba haigombani na dawa za hospitali.

Mmea wa Hypericum perforatum, unaotumika kutuliza huzuni, huliamsha ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Mwanamke anameza vidonge vyake vya uzazi wa mpango kila siku bila kukosa, anakunywa na mmea huo, kisha anapata mimba. ARV nazo hupungua nguvu kwa njia hiyohiyo, na mgonjwa hahisi lolote mpaka vipimo vya damu vionyeshe virusi vimepanda.