Vuli si majani kupukutika: dhana potofu kuhusu raha ndogo za msimu Unguja na Pemba

Ikifika Septemba simu zinajaa picha za misitu ya Ulaya na Marekani iliyogeuka rangi ya dhahabu, vikombe vinavyofuka moshi, na maneno matamu ya kufurahia "vuli". Mtu wa Chake Chake au wa Mji Mkongwe anatazama nje, anaona jua na minazi, anasema sisi hatuna misimu. Anayo. Ila raha za msimu wake zina tarehe zake, tena ni fupi, na nyingi zinampita kwa maneno yasiyo kweli aliyoyakuta yakisemwa.

"Vuli ndiyo ule msimu wa majani kuanguka"

Hili limeletwa na tafsiri. Mfasiri alitafuta neno la msimu wa Ulaya unaotangulia baridi, akalikuta vuli limekaa, akalichukua. Vuli kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, zinazoshuka upepo wa kusi ukishachoka na wa kaskazi haujashika, wakati wa malelezi. Tena sisi tuko kusini ya ikweta. Nchi za upande huu zenye baridi, kama Afrika Kusini, hupukutisha majani Machi hadi Mei, na miezi hiyo hapa ni masika.

Urefu wa mchana nao haubadiliki sana: tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka Unguja ni dakika 43 hivi, mtu haoni. Kinachoonekana ni kivuli. Simamisha fimbo iliyonyooka uwanjani tarehe 8 au 9 Oktoba, ngoja saa 6 na dakika 10 mchana. Jua litakuwa utosini sawasawa na kivuli cha fimbo kitajificha chini yake. Pemba hutangulia, tarehe 6 hivi. Kitu hicho hurudi mwanzoni mwa Machi tu. Watoto hukipenda kuliko wakubwa, na wana haki.

Wazee walikuwa na kalenda yao ya haya. Mwaka ulianza Nairuzi, siku ya Mwaka Kogwa inayosherehekewa Makunduchi mwezi wa Julai, ukahesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za ziada. Mwongo wa kumi unamalizikia mwishoni mwa Oktoba, na kwa hesabu hiyo mtu alijua vuli iko mlangoni. Hesabu haina mwaka mrefu, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne. Ndiyo maana kuibandika moja kwa moja juu ya kalenda ya ukutani kunaleta ubishi usiokwisha barazani.

"Majani ya kugeuka rangi yako Ulaya tu"

Tazama mkungu, ule wa kivuli, si wa ndizi. Kabla ya kudondosha majani yake makubwa huyageuza manjano, kisha shaba, kisha mekundu kabisa, na kwa kawaida hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Sababu ni nyingine tu. Mti wa Ulaya husukumwa na mchana kufupika na baridi kuingia. Mkungu husukumwa zaidi na ukavu. Ukiokota jani jekundu asubuhi, ligeuze nyuma ulione lilivyo na mishipa ya njano. Kokwa za kungu zilizokauka chini yake zina kiini kitamu. Zigonge kwa jiwe ubavuni, kwenye ukingo, usigonge katikati, la sivyo kiini kinasagika pamoja na ganda.

"Embe zina joto, zinaleta majipu"

Hapa ndipo watoto wengi wanapodhulumiwa. Msimu mkubwa wa embe huanza Novemba, na ni kweli majipu huongezeka miezi hiyo hiyo. Lakini jipu ni kazi ya bakteria, hasa stafilokokasi, wanaoingia penye mchubuko au tundu la unywele. Joto na unyevu wa msimu huleta harara, mtoto anajikuna kwa kucha chafu, taulo moja linafuta watu watano. Embe imekutwa tu eneo la tukio.

Kuna kosa moja, hata hivyo, ambalo embe inalo kweli: utomvu. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu unaoruka kikonyo kinapokatika una kemikali zinazounguza ngozi. Midomo inayovimba na vipele vya mashavuni kwa mtoto aliyemenya embe kwa meno mara nyingi vimetoka hapo, na watu huviita majipu. Dawa yake ni kuchuma vizuri. Acha kikonyo cha sentimita mbili, kikate ukishafika chini, kisha inamisha embe, penye kikonyo pakielekea chini, juu ya nyasi mpaka utomvu uishe kutoka. Osha kwa maji na sabuni kidogo, kausha, ndipo umpe mtu. Mwenye jipu usoni, au jipu lenye homa, asilikamue. Aende kituo cha afya.

Kosa la pili ni kuhukumu embe kwa rangi. Aina nyingine huiva ngozi ikiwa bado na ukijani. Angalia mabega: yakiinuka juu ya kikonyo, embe imekomaa. Halafu inuse penye kikonyo. Iliyokomaa lakini ngumu iache ndani ya kikapu chenye majani makavu, siku tatu hadi sita. Usiitie kwenye friji kabla haijaiva, kwani baridi huizuia kuiva na ngozi hupata mabaka meusi. Changa nayo ina raha yake, kwa chumvi na pilipili, au ikisubiri achari.

"Ile harufu ya mvua ni vumbi"

Vumbi halinuki vile. Bakteria wa udongoni hutengeneza kitu kiitwacho jiosmini, na matone ya kwanza yakipiga ardhi kavu hukirusha hewani pamoja na mafuta ya mimea yaliyokuwa yamelala udongoni. Pua ya binadamu hukinusa hata kikiwa chembe chache katika trilioni. Harufu huwa kali pale tu ardhi ilipokauka kwa siku kadhaa, basi mvua ya kwanza ya vuli ikikukuta ndani, toka uani.

Na maji ya mvua hiyo ya kwanza? Husemwa ni safi kuliko yote, yakingwe. Ni kinyume chake. Yanaosha paa: kinyesi cha ndege, vumbi, majani yaliyooza mferejini. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la bati la mita 40 za mraba linahitaji kumwaga lita 40 za mwanzo, pipa dogo hivi, ndipo ukinge. Mvua ya milimita 10 baada ya hapo inakupa takriban lita 400. Ya kunywa yachemshe vilevile.

"Karafuu ni tunda, acha likomae vizuri"

Ni ua ambalo halijafunguka. Likifunguka kichwa kinapukutika, mafuta yanapungua na bei inashuka. Huchumwa linapofikia ukubwa wake na kuanza kuacha ukijani likielekea wekundu, na vishada vya mti mmoja havifiki pamoja, ndiyo maana mchumaji hurudi mti uleule mara kadhaa. Uchumaji huenda kuanzia Julai mpaka Januari au hata baadaye, mwaka na mwaka. Karafuu nyingi zinatoka Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi na Pemba ikachukua nafasi.

Raha yenyewe iko jioni, kwenye kuchambua, kaya nzima imezunguka jamvi, kishada kinasukumwa kwenye kiganja na karafuu zinaachana na makonyo. Kazi hiyo haingojei kesho. Karafuu mbichi zikilala kwenye gunia hupata joto, zinavunda, na zikikauka zinatoka nyepesi, zimekunjamana, rangi ya majivu. Asubuhi zianikwe juu ya jamvi safi kwa tabaka jembamba, zigeuzwe mara kadhaa kwa siku, zianuliwe kabla ya umande. Jua zuri hukausha kwa siku nne mpaka saba. Wingu la vuli likija ghafla ni mbio. Wengine huanika kando ya lami eti hukausha haraka: lami hutoa harufu yake, na mchanga hupanda bure kwenye mizani.

Jaribu hivi. Chukua moja, ivunje katikati. Iliyokauka inakatika kwa mlio, ina kahawia iliyokoza mwilini na nyepesi kichwani. Inayopinda irudi juani. Kilo 100 mbichi huacha kilo 30 na kitu tu, kwa hiyo asiyezoea hudhani ameibiwa.

"Chai ya viungo tia vyote pamoja, chemsha sana"

Kila kiungo kina wakati wake. Kwa vikombe vinne vya maji, ponda tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, tia na kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole na karafuu tatu, chemsha dakika nane mpaka kumi. Majani ya chai vijiko viwili vidogo yaingie baadaye, dakika mbili au tatu zinatosha. Yakichemka muda mrefu yanaacha ukakasi ambao watu huufunika kwa sukari. Iliki nne zilizopondwa ziwe za mwisho, moto umezimwa, sufuria imefunikwa dakika mbili, maana harufu yake huruka upesi na mvuke. Karafuu usizidishe tatu. Mafuta yake yana yujenoli, kitu ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza maumivu. Ulimi ukianza kufa ganzi kabla kikombe hakijafika nusu, zimezidi. Ongeza maji, si sukari.