Ulaini wa mayai ya kuvuruga hautoki kwenye maziwa

"Niongeze maziwa kiasi gani ili yawe laini?" Hakuna darasa la mapishi ya asubuhi linalopita bila swali hili, na jibu ni lile lile kila mara: usiongeze. Anayeuliza anaitikia, kisha akirudi nyumbani anamimina nusu kikombe kwa sababu mama mkwe, jirani na video ya jana wote wamemwambia hivyo. Matokeo yako wazi sahanini: vibonge vikavu vimekaa katikati, na pembeni yake kuna maji yaliyopauka yanayolowesha mkate. Msimu huu wa masika, majani mabichi yakiwa tele sokoni, inauma kuona fungu zuri la dania likiishia juu ya chakula cha namna hiyo.

Tuanze na hayo maziwa, tena bila haraka.

Yai zima ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Kinachoyashika maji hayo ni protini, ambazo ni kama asilimia 12 au 13 tu. Yai likiwa bichi, kila protini imejikunja peke yake kama uzi uliofungwa. Joto linapopanda, nyuzi hizo zinafunguka, zinashikana, na kutengeneza kitu kama wavu ambamo maji yananaswa. Wavu ukiwa umelegea, maji yanabaki ndani na yai linakuwa laini. Moto ukizidi, wavu unajikaza na maji yanatoka kama yanavyotoka kwenye nguo inayokamuliwa. Hapo ndipo ugumu na yale maji ya sahanini yanapozaliwa kwa pamoja.

Sasa piga hesabu. Mayai matano ya kisasa, bila maganda, yana uzito wa takriban gramu 250. Ndani yake kuna kama gramu 190 za maji na gramu 32 za protini, yaani kila gramu ya protini imebeba maji gramu sita hivi. Mimina nusu kikombe cha maziwa, kama mililita 125. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi na protini yake ni kama asilimia 3 na kidogo. Umeleta gramu 110 za maji na gramu 4 tu za protini. Kila gramu ya protini sasa inabeba maji zaidi ya gramu nane. Umeuongezea wavu mzigo lakini nyuzi ni karibu zile zile, na moto ukiwa mkali kidogo tu, mzigo unaanguka. Anayeona maji yakichuruzika hudhani mayai hayajaiva, anaongeza moto, na hapo kazi nzima inaharibika.

Imani hii haikuzuka hewani, na ni haki kusema ilikotoka. Maziwa yanapausha rangi na kuongeza wingi, kwa hiyo mayai manne yanaonekana kama sita. Yanachelewesha pia kuganda, kwa hiyo yanamvumilia kidogo mpishi wa moto mkali. Hotelini, mayai yanayokaa saa nzima kwenye chombo cha kupashia moto huongezewa maziwa yasikauke upesi. Na mtu anayetaka mayai yaliyofura, mepesi, yenye vipande vikubwa, anaweza kuweka kijiko kimoja cha chakula kwa mayai mawili, moto wa wastani, na akapata anachotaka. Lakini kufura si ulaini wa krimu. Anayetaka mayai yanayotandazika juu ya mkate kama uji mzito anahitaji moto mdogo, mwiko usiosimama, na siagi.

Siagi inafanya kazi ambayo maziwa hayawezi. Mafuta yake yanaingia kati ya nyuzi za protini na kuzizuia zisishikane kwa nguvu. Vipimo vya watu wawili ni hivi: mayai matano ya kisasa au sita mpaka saba ya kienyeji, kwa sababu ya kienyeji mara nyingi ni madogo, siagi gramu 30, ambazo ni kama vijiko viwili vya chakula, chumvi laini kasoro kidogo nusu kijiko cha chai, na majani yaliyokatwa, vijiko viwili vya chakula. Kata siagi vipande vidogo ikiwa baridi na uigawe mafungu matatu: moja la kupakia kikaango, moja la kuingia pamoja na mayai, na la mwisho lisubiri pembeni.

Weka kikaango kisichogandisha kwenye kichomeo kidogo cha gesi, moto wa chini kabisa. Mwenye jiko la mkaa aondoe nusu ya makaa na kuyafunika yaliyobaki kwa majivu, na awe tayari kuinua kikaango kila kinapozidi joto. Siagi iyeyuke bila kuchacharika. Sauti ya kuchacharika ni maji ya siagi yanayochemka, maana yake kikaango kimeshapita nyuzi joto 100 za Selsiasi, na mayai yanayoanza kushika yakifika sitini na kitu hayana sababu ya kukutana na joto hilo. Mimina mayai pamoja na fungu la pili la siagi, kisha anza kukoroga kwa mwiko bapa au wa mpira, ukisugua chini yote na kuzunguka kingo.

Dakika moja au mbili za kwanza hakuna kinachoonekana, na hapa ndipo wengi wanapokosa subira na kufungua gesi. Usifungue. Baadaye utahisi mwiko unakutana na utando mwembamba chini, halafu punje ndogo ndogo zinaanza kujitokeza. Kuanzia hapo angalia njia ya mwiko. Mwanzoni, ukipitisha mwiko katikati, mayai yanafunga njia papo hapo. Punde inafunga polepole. Njia ikibaki wazi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, kabla mayai hayajarudi, ondoa kikaango motoni hata kama macho yanakuambia bado. Tia siagi ya mwisho, endelea kukoroga. Siagi hiyo ya baridi inasimamisha mapishi, nalo joto lililobaki linamalizia kazi. Yote hayo huchukua dakika nne mpaka sita. Kikaango cha chuma kizito kinashika joto muda mrefu, kwa hiyo kiondoe mapema zaidi kuliko chembamba, na yamimine mayai kwenye sahani mara moja.

Ukiona vibonge vinakuwa vikubwa ghafla, moto umezidi: inua kikaango, koroga kwa kasi hewani nusu dakika, kirudishe. Ukishaona maji yanatoka, hakuna dawa. Kijiko cha malai kitaficha kidogo, lakini wavu ulioshajikaza haulegei tena.

Na kama mtu hawezi kuishi bila kitu cha maziwa, basi atumie hayo malai, kijiko kimoja cha chakula, mwishoni, baada ya kuondoa kikaango motoni. Watu wa pwani wanaopenda tui wafanye vivyo hivyo: tui zito, kijiko kimoja, mwisho kabisa. Tui likiingia mwanzoni hukatika, na utaona mafuta yake yakielea juu ya mayai.

Dhana ya pili ni kwamba chumvi ikiingia mapema inayafanya mayai kuwa magumu. Ni kinyume chake. Chumvi ikikaa kwenye mayai yaliyopigwa kwa dakika 10 mpaka 15, inapunguza nguvu ya protini kuvutana, na wavu unaotokea unashika maji vizuri zaidi. Mchanganyiko utaona umekoza rangi ya chungwa na umekuwa mwepesi kumiminika. Hiyo ni chumvi ikifanya kazi, wala mayai hayajaharibika. Tumia dakika hizo kuosha na kukata majani.

Kuhusu kupiga, wapo wanaopiga mpaka povu lijae bakuli wakiamini hewa ndiyo ulaini. Hewa hiyo yote inatoka ukikoroga juu ya moto mdogo. Uma, mapigo thelathini au arobaini, mpaka usione tena nyuzi nyeupe za ute. Inatosha. Bakuli liwe la kioo, udongo au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ute wa yai hukwaruzana vibaya na alumini na kuacha rangi ya kijivu. Sufuria ya alumini inaleta kijivu hicho hicho. Rangi ya kijani, kwa upande mwingine, hutokana na mayai kukaa motoni muda mrefu mno: salfa ya ute na chuma cha kiini vinaungana. Si sumu, ila ni ushahidi kwamba mayai yamepikwa kupita kiasi.

Sasa majani, ambayo wengi huyaua kabla hayajafika sahanini. Kuna mazoea ya kukaanga kila kitu mwanzoni: kitunguu, nyanya, hoho, dania, yote kwenye mafuta ya moto, kisha mayai juu. Ni chakula kizuri, ila ni kingine kabisa. Harufu ya majani laini imo katika mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Dakika tatu motoni na dania inabaki nyuzi za kijani kibichi zisizo na harufu, ilhali jikoni kote kunanukia. Harufu unayoisikia hewani ndiyo ile uliyoikosa mdomoni.

Kanuni ni kutenganisha kigumu na laini. Mashina ya dania, giligilani kwa wengine na kotmiri kwa watu wa Zanzibar, yana ladha nzito na yanavumilia moto: yakate madogo sana na uyatie kwenye siagi mwanzoni kabisa. Sehemu nyeupe ya vitunguu vya majani nayo iende huko, ilainike dakika mbili. Majani ya dania na sehemu ya kijani ya vitunguu yasubiri mpaka kikaango kimeshatoka motoni, yaingie pamoja na siagi ya mwisho. Mrehani hausubiri kisu: ukikatwa mapema unakuwa mweusi, kwa hiyo uchanwe kwa vidole wakati wa kupakua. Mnanaa, majani manne au matano tu kwa mayai matano, ukizidi unafunika kila kitu. Wanaoishi Ulaya, ambako majira ya kuchipua huleta majani laini mwezi wa Aprili na Mei, wana paseli, chaivu, tarragoni na chevili. Wafaransa huyachanganya hayo manne kwenye mayai, na sheria haibadiliki: yanaingia mwisho, na tarragoni iwe kidogo kuliko wenzake.

Majani ya masika yana tatizo lake. Mvua inarusha udongo mpaka juu ya majani, na maji ya bomba yanayopita juu yake hayautoi wote. Jaza bakuli maji, zamisha fungu, litikise, kisha liinue majani yatoke na udongo ubaki chini. Usimwage maji na majani pamoja kwenye chujio, utakuwa umerudisha mchanga juu. Rudia mpaka bakuli liwe safi, mara mbili au tatu. Halafu yakaushe kweli kweli kwa kitambaa safi. Majani yenye maji yakikatwa yanapondeka na kuacha rangi yake kwenye ubao, na yale maji yanaishia kwenye mayai ambayo umehangaika kuyazuia yasitoe maji. Kisu kiwe kikali, kipite mara moja. Kukatakata upya fungu lile lile kunakamua juisi yote.

Mayai ya kienyeji, je, ndiyo pekee yenye krimu? Rangi ya kiini inatokana na lishe. Mahindi ya njano na majani mabichi hukoza kiini, mahindi meupe hukipausha. Rangi ya ganda inategemea mbegu ya kuku. Chagua unayopenda kwa ladha na mfuko wako, ila yai la kiini cha njano iliyopauka likipikwa kwa moto mdogo litashinda la kienyeji lililochomwa.

Lipo jambo moja ambalo halina mjadala. Laini halimaanishi bichi. Mayai ya krimu yaliyoiva vizuri yamefika nyuzi joto 71 au zaidi, na mwenye kipimajoto cha jikoni ahakikishe. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa mwenye kinga dhaifu wapikiwe mpaka pasionekane kimiminika chochote, hata kama ulaini utapungua kidogo. Yai lenye ufa lisitumike kwa mapishi haya. Vunja kila yai kwenye kikombe kwanza, lisije moja bovu likaharibu manne mazima.

Wa mwisho ni wale wanaopika saa moja kabla wageni hawajafika, wakiamini watayapasha. Mayai ya krimu hayapashwi, joto la pili linamalizia kuukaza wavu. Mkate uwe umeshachomwa, chapati zimeshafunikwa, chai mezani, sahani zimepata joto kidogo, ndipo kikaango kiende jikoni. Yakibaki, yaweke kwenye friji, na kesho yachanganywe baridi na nyanya, pilipili mbuzi na majani mapya ndani ya mkate.