Sauti Kwanza, Picha Baadaye: Wepesi wa "Babes in Arms"

Kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri video za muziki, filamu za zamani za nyimbo na dansi huzisikiliza kabla ya kuzitazama, na katika zile za vijana hakuna ninayoirudia kuliko Babes in Arms, iliyotolewa na studio ya MGM mwaka 1939. Kisa chake ni chepesi: wasanii wa vodevili, yale maonyesho ya nyimbo, dansi na vichekesho yaliyozunguka kumbi za Marekani, wanakosa kazi baada ya sinema kuanza kusema, na watoto wao, wakikwepa kupelekwa shule ya kazi, wanaandaa onyesho lao wenyewe.

Wahusika wakuu hawakuhitaji kufundishwa maisha hayo. Mickey Rooney, aliyekuwa hajatimiza miaka 19 filamu ilipopigwa, na Judy Garland, aliyetimiza 17 mwaka huohuo, walipanda jukwaani tangu wakiwa wadogo kabisa, kila mmoja na familia yake.

Hata hivyo, wepesi tunaouona una ufundi wake. Nyimbo zilirekodiwa kwanza studio pamoja na okestra, kisha zikapigwa kwa vipaza sauti mbele ya kamera huku waigizaji wakifuatisha kwa midomo, jinsi tunavyofanya hadi leo tunapopiga video za Bongo Fleva. Ndiyo maana kijana anaweza kurukaruka ubeti mzima asiheme hata kidogo. Kinachowaangusha wengi si midomo bali pumzi, kwa sababu msanii husahau kuivuta mahali alipoivuta siku ya kurekodi. Mtazame Garland katika ofisi ya mchapishaji wa muziki, Rooney akiwa kwenye piano, wanapoimba Good Morning: mabega na shingo yake vinaenda na sauti, na mtu asiyejua angeapa kwamba anaimba papo hapo. Wimbo huo uliandikwa na Nacio Herb Brown pamoja na Arthur Freed, mtayarishaji wa filamu yenyewe, ambaye aliutumia tena katika Singin' in the Rain mwaka 1952.

Freed alikuwa na deni kwa wengine, maana tamthilia ya mwaka 1937 ya Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo jijini New York, iliyozaa filamu hii ilijaa nyimbo za watunzi Rodgers na Hart, na nyingi kati ya hizo zilitupwa. Kwangu mimi hiyo ni hasara isiyo na udhuru. Sehemu nyingine haitazamiki kwa raha: vijana wanajipaka weusi usoni kuwadhihaki Waamerika Weusi, hadi dhoruba inapovunja onyesho.

Mwongozaji Busby Berkeley aliwahi kupanga gwaride jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mkono huo unaonekana watoto wanapopita mitaani na mienge. Rooney aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora, Garland akapewa ile ya vijana, na studio ikawarudisha pamoja mwaka 1940, 1941 na 1943. Katika ile ya mwisho, Girl Crazy, Berkeley aliondolewa kazini baada ya kupiga wimbo wa kufungia tu, na Norman Taurog akaongoza sehemu iliyobaki. Mhariri yeyote huuona mshono huo, kwa kuwa kamera iliyotulia karibu filamu nzima ghafla inaanza kucheza na wachezaji.